Ruzuku ya Nishati: Akiba Ibaki Shuleni

Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa mbele ya Walimu Wakuu, Wakuu wa Shule na maofisa wa Halmashauri, waliokutana kwa semina ya siku mbili kuzungumzia majengo ya shule na matumizi bora ya nishati.



Nilipopata mwaliko huu niliombwa nizungumze juu ya ruzuku ya Serikali kwa ajili ya matumizi bora ya nishati katika majengo ya shule. Kichwa hicho ni kirefu, nami naomba ruhusa ya kukigeuza kiwe swali moja, ambalo bila shaka wengi wenu mmekwisha kujiuliza: shule ikifaulu kupunguza gharama yake ya kuni na umeme, fedha iliyookolewa ni ya nani?

Kabla sijalijibu, niwasimulieni jambo nililoliona kwa macho yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilitembelea shule moja ya sekondari ya bweni katika nyanda za juu. Nyuma ya bwalo palikuwa na jiko jipya lililojengwa kwa fedha za msaada: matofali ya kuchoma, milango ya chuma, na dohani ndefu iliyopita juu ya paa. Ukutani palibandikwa kibao cha shukrani. Jiko lenyewe lilikuwa baridi. Hatua ishirini kutoka hapo, chini ya mabati matatu yaliyoegeshwa ukutani, akina mama wawili walikuwa wameinama mbele ya mafiga wakipuliza moto wa kuni mbichi, macho yamewaiva kwa moshi. Niliuliza kulikoni. Nikajibiwa kwamba wavu wa chuma unaobeba kuni ndani ya jiko jipya ulikuwa umeungua miezi mitano nyuma, na hapakuwa na fungu la kununulia mwingine. Wavu ule fundi yeyote wa kuchomelea angeutengeneza kwa siku moja. Lakini katika vitabu, habari ya jiko ilikwisha siku lilipokabidhiwa.

Simlaumu Mkuu wa Shule yule, kwani alikuwa mtu hodari na shule yake ilikuwa safi. Nasema tu kwamba fedha zile zilinunua jiko, wala hazikununua mwaka wa pili wa jiko. Na huo ndio ugonjwa wa ruzuku nyingi za nishati nilizozishuhudia: sahani za umeme wa jua zilizobaki juu ya paa baada ya betri kufa, pampu za maji zisizo na mtu wa kuzishika, na taa za uwanjani ambazo haziwaki kwa sababu mita ya LUKU inasoma sifuri.

Hapana ubishi kwamba Serikali imefanya kazi kubwa. Tangu Januari 2016 elimu imekuwa bila ada hadi Kidato cha Nne, na katika mwaka wa fedha wa 2022/23 nafuu hiyo ikafika Kidato cha Tano na cha Sita. Watoto wakaja kwa wingi ambao majengo yetu hayakuutazamia. Mwaka 2021 na 2022, kwa fedha za mpango wa mapambano dhidi ya UVIKO-19, mpango uliokuwa wa shilingi trilioni 1.3, yakajengwa madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi. Kwa upande wa umeme, Wakala wa Nishati Vijijini ulioanza kazi mwaka 2007 umesimamisha nguzo mahali ambapo wazazi wetu hawakuota kuziona, na Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kutoa umeme mwaka 2024.

Madarasa yapo, basi, na umeme upo. Kinachokosekana ni fedha za kuuwasha. Elimu bila ada ilipoanza, ruzuku ya uendeshaji iliwekwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi na shilingi 25,000 kwa mwanafunzi wa sekondari. Mwalimu aliyewahi kuigawa fedha hiyo kati ya karatasi, mitihani, michezo na ukarabati anafahamu kwamba kila uniti ya umeme anayoinunua imetoka katika kitu kingine cha mtoto.

Sasa, watu wengi wakisikia neno "nishati" hutazama nguzo ya umeme. Mimi nawaombeni mtazame dirisha kwanza. Jengo lililokaa vibaya huanza kula umeme kabla hata waya haujaingia ndani. Nchi yetu iko kati ya digrii 1 na 12 hivi kusini mwa Ikweta. Jua la asubuhi na la jioni ndilo linalopiga kuta kwa ubavu. Darasa ambalo madirisha yake yanatazama mashariki na magharibi litakuwa tanuri saa nne asubuhi na tanuri tena saa tisa alasiri. Likigeuzwa, madirisha yakatazama kaskazini na kusini, na paa likapewa upenu wa kutosha, joto hilo hupungua sana bila ya mtambo wowote. Gharama ya kuligeuza, kama bado halijajengwa, ni kamba na vigingi siku ya kupima msingi. Baada ya hapo hakuna ruzuku itakayoweza kuligeuza.

Ningependa pia kusema neno juu ya madirisha haya ya alumini ya kusukuma upande, ambayo siku hizi yameenea kila mahali. Yanapendeza machoni, hayo nakubali. Lakini dirisha la namna hiyo hufunguka nusu tu. Kioo kimoja hukaa juu ya mwenzake, na nusu ya tundu ulilolipia hubaki imefungwa daima. Dirisha la bawaba au la luva hufunguka karibu lote. Katika Tanga, Lindi au Dar es Salaam tofauti hiyo ni kubwa: darasa moja linapata upepo, na jingine linaomba mapangaboi manne. Tena paa la bati lisilo na dari hushusha joto juu ya vichwa vya watoto mchana kutwa, na mvua ikinyesha mwalimu hulazimika kupiga kelele au kunyamaza kabisa. Dari huondoa shida zote mbili. Hata hivyo, fedha zikipungua katika ujenzi, ni kitu gani huachwa kwanza? Nyinyi mliosimamia ujenzi mnalijua jibu.

Kinyume chake, kule Makete au Njombe shida ni baridi, na kioo kimoja kilichovunjika mwezi wa sita ni adhabu kwa darasa zima. Ndiyo maana sioni busara ya ramani moja kufuatwa bila mabadiliko kutoka pwani mpaka milimani. Mhandisi wa Halmashauri apewe ruhusa, na kwa hakika apewe wajibu, wa kubadili upande wa jengo, aina ya dirisha na urefu wa upenu kulingana na mahali.

Nije kwenye taa, ambako hesabu ni nyepesi. Tuchukue shule ya bweni yenye globu 40 za mtindo wa zamani za wati 60, zinazowaka saa tano kwa siku. Hizo hula uniti 12 kila siku. Zikiwekwa globu za LED za wati 9, zinazotoa mwanga unaokaribiana, shule itatumia uniti 1.8. Tofauti ni uniti 10.2 kwa siku. Kwa siku 194 za masomo katika mwaka hizo ni uniti 1,978 na ushee. Kwa bei ya shilingi 292 kwa uniti, ambayo EWURA iliipanga mwaka 2016 kwa watumiaji wa kawaida wasio wa kundi dogo la majumbani, na bila kuhesabu kodi na tozo, tunapata zaidi ya shilingi 577,000. Fedha hiyo ni sawa na ruzuku ya mwaka mzima ya wanafunzi 23 wa sekondari. Tuseme kila globu itanunuliwa kwa shilingi 4,000: zote 40 ni shilingi 160,000, na zitakuwa zimejilipa kabla ya siku 60 za masomo kupita. Wala sijataja kupaka kuta chokaa nyeupe na kung'oa matofali yaliyozibwa madirishani kwa kuogopa wezi, mambo ambayo yangeziruhusu taa hizo zilale mchana.

Lakini taa ni jambo dogo. Nishati kubwa ya shule zetu iko jikoni, na huko ndiko ningependa tukae zaidi.

Moto wa mafiga, hata ukichochewa na mpishi mzoefu, hupeleka kwenye sufuria kama sehemu moja tu kati ya sehemu saba hadi kumi za joto lililomo katika kuni. Joto lililobaki humpiga mpishi, hupasha ukuta, huenda angani. Jiko banifu la taasisi, ambalo sufuria yake imezama ndani ya ukuta na moshi wake hutoka kwa dohani, linaweza kupunguza kuni kwa nusu au zaidi. Na kuni zenyewe: mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na lazima moto uyachemshe maji hayo kwanza kabla haujaanza kuyachemsha yale ya ugali. Shule inayonunua lori la kuni mbichi na kulimwaga uwanjani lipigwe na mvua imenunua, kwa kiasi kikubwa, lori la maji.

Kwa hiyo jengo la kwanza la kuokoa nishati ambalo ningelipa ruzuku si la fahari hata kidogo. Ni kibanda cha kuni: nguzo, paa, kuta zenye nafasi za upepo, na sakafu iliyoinuliwa, kuni zikae humo miezi michache kabla ya kutumika. Ongezeni juu yake mambo mawili yasiyo na gharama, maharage yalowekwe tangu usiku na kila sufuria iwe na mfuniko wake. Nimewahi kumwona mpishi akifunikia ubao wa dawati lililovunjika kwa sababu mifuniko haikuwamo katika orodha ya mzabuni.

Najua kuna atakayeniuliza: mbona wazungumza juu ya kuni, na Serikali imekwisha kusema tuziache? Ni kweli. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilielekezwa kuachana na kuni na mkaa, na mwisho wa Januari 2024 ukatajwa kuwa ukomo. Mwezi wa Mei mwaka huo huo ukazinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi kabla ya muda wake kwisha. Lengo hilo ni jema, na wapishi wetu wanalihitaji kuliko mtu mwingine yeyote: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 pekee moshi na uchafu wa hewa majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani. Lakini tarehe iliyotajwa haipiki chakula. Shule ambayo haijapata jiko la gesi wala la umeme itapika kwa kuni kesho asubuhi, na afadhali izipike zikiwa kavu, chini ya dohani.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize kwa makini. Kwa nini kuhama kutoka kuni kwenda gesi ni kugumu kwa shule, hata pale gesi inapofika? Wengi husema ni bei. Mimi nasema ni daftari. Katika shule nyingi za kutwa kuni huletwa na watoto wenyewe, kila mmoja na kijiti chake siku iliyopangwa, au huletwa na wazazi kama mchango wa chakula. Mtoto wa darasa la nne aliyetembea na mzigo huo kichwani amelipa. Mama aliyekwenda msituni Jumamosi amelipa. Msitu wa kijiji umelipa. Ila katika vitabu vya shule kuni hizo ni sifuri. Mtungi wa gesi, kwa upande mwingine, una risiti. Kwa hiyo siku shule inapohamia gesi, mkaguzi wa hesabu ataona matumizi mapya mahali ambapo zamani hapakuwa na matumizi, na Mwalimu Mkuu ataonekana ameongeza gharama, hali ameipunguza. Mpaka kuni zihesabiwe kwa uzito na kwa bei yake ya sokoni hapo kijijini, nishati safi itashindwa kila mara kwenye karatasi.

Umeme nao una masharti yake. Jiko la presha la umeme hupika maharage kwa nishati kidogo sana, lakini majiko makubwa yanayolisha mamia ya watoto huhitaji umeme wa njia tatu na nyaya nene, ilhali shule nyingi ziliungwa kwa njia moja kwa ajili ya taa na ofisi. Ruzuku inayoleta majiko bila kuuliza habari ya nyaya italeta mapambo ya stoo.

Nitoke nje ya nchi kidogo. Sisi wazee tunakumbuka bei ya mafuta ilipopanda baada ya mwaka 1973, na miaka ile ambapo magari binafsi yalikatazwa kutembea mchana wa Jumapili. Dhoruba hiyo iliwapata hata matajiri. Kule Marekani, shule nyingi zilikuwa zimejengwa wakati mafuta yakiwa rahisi, na ghafla gharama ya kuzipasha joto wakati wa baridi ikaanza kula fedha za masomo. Novemba 1978 Rais Carter alitia saini sheria iliyoanzisha ruzuku ya kuhifadhi nishati katika shule na hospitali. Ninalolipenda katika mpango ule ni utaratibu wake. Shule haikuanza kwa kuomba mtambo. Ilikaguliwa kwanza: jengo lina umri gani, linatumia nishati kiasi gani, joto linatorokea wapi. Kisha mtaalamu akachambua hatua zipi zitarudisha gharama yake na kwa muda gani. Ndipo fedha za vifaa zikaombwa.

Nisilolipenda ni sharti la kuchangia nusu ya gharama. Zilizokuwa maskini ziliwekewa nafuu, lakini kwa kawaida mwenye nusu mkononi ndiye hujaza fomu haraka, na shule yenye paa linalovuja zaidi ndiyo isiyo na nusu hiyo. Mwaka 2021, walipotunga sheria mpya ya miundombinu na kutenga dola milioni 500 kwa nishati katika shule za umma, waliweka mbele shule zenye uhitaji mkubwa. Imewachukua zaidi ya miaka 40. Sisi hatuna haja ya kungoja muda wote huo, kwani tunazijua shule zetu zilizo hoi kwa majina.

Sasa nirudi kwenye swali langu la mwanzo. Shule imeweka globu mpya, imejenga kibanda, imelekebisha jiko. Mwisho wa mwaka imeokoa, tuseme, shilingi milioni moja. Ikiwa mwaka unaofuata makisio yake ya umeme na kuni yatapunguzwa kwa milioni hiyo hiyo, kwa hoja kwamba "hamkuzihitaji", basi tumemfundisha Mwalimu Mkuu somo moja tu: mwaka kesho awashe taa zote. Nimeona vitabu ambamo matumizi ya mwezi wa tano na wa sita hupanda ghafla bila sababu nyingine ila kumaliza fungu. Hao si wezi. Ni watu waliosoma kanuni na kuzielewa vizuri.

Pendekezo langu, na naona Ndugu Mhasibu ameanza kunitazama, ni kwamba kila ruzuku ya nishati inayopita katika Halmashauri iandikwe sharti hili: akiba itakayopatikana kwa miaka mitatu ya kwanza ibaki shuleni, na sehemu yake iwekwe katika fungu la matengenezo ya kitu kile kile kilicholeta akiba. Wavu wa jiko ukiungua, ununuliwe na jiko lenyewe. Betri ikichoka, ilipiwe na taa zilizookoa. Sehemu inayobaki iamuliwe na Kamati ya Shule au Bodi, iwe vitabu, iwe uji wa asubuhi, iwe posho ya mpishi ambaye kwa kweli ndiye aliyeiokoa fedha hiyo kwa kufunika sufuria. Sioni kwamba hili lahitaji sheria mpya. Lahitaji aya moja katika mkataba wa ruzuku, na mkaguzi aliyeelezwa mapema.

Yawezekana nitaambiwa kwamba shule hazina watu wa kupima. Sikubali. Mita ya LUKU inasomwa na mtoto wa darasa la tano. Mzani wa kupimia mazao upo karibu kila kijiji, na kuni hupimwa juu yake kama mahindi. Mwalimu wa hesabu akiwapa Kidato cha Pili kazi ya kusoma mita kila Jumatatu asubuhi na kila Ijumaa jioni, baada ya muhula mmoja shule itakuwa na jedwali ambalo Halmashauri nyingi hazinalo kwa ofisi zao wenyewe. Humo itaonekana, mathalani, kwamba umeme unatumika hata Jumamosi na Jumapili wakati shule imefungwa, na mtu ataulizwa kwa nini. Shule yenye jedwali hilo ndiyo ningeipa ruzuku kwanza, na isiyo nalo ningeipa daftari, kalamu na muhula mmoja.

Ndugu Mwenyekiti, nimekwisha kula muda wa mwenzangu. Kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi tutakwenda katika jiko la shule iliyo jirani na ukumbi huu. Mpishi mkuu amekubali kutupa saa nzima kabla hajabandika maharage, na mzani umekwisha kupatikana. Kila mmoja aje na daftari.